Simama Kona Moja: Niliyojifunza Nikipiga Picha za Watu na Majengo Katikati ya Jiji

Kabla ya kuingia mitaani nilikuwa mpiga picha wa harusi, na nilidhani watu nawajua. Harusini mtu akiona kamera anajipanga mwenyewe: anainua kidevu, anamvuta mwenzake karibu, anasubiri. Majengo nayo yalikuwa hayanihusu. Ukumbi ulikuwa ukumbi, na kazi yangu ilikuwa kuangalia nguzo isionekane imechomoza kichwani mwa bibi harusi. Nilipoamua kukusanya picha za katikati ya jiji kubwa, watu wake na majengo yake katika fremu moja, karibu kila nilichokizoea kiligoma. Hakuna aliyenisubiri wala aliyenialika, na jengo lenye ghorofa 30 halisogei nyuma hatua mbili ili likuenee. Naandika kwa ajili ya anayejiandaa kuanza, hasa akiwa peke yake, bila gazeti nyuma yake wala barua ya utambulisho mfukoni.

Msimu wa kwanza nilitembea. Niliingia asubuhi upande mmoja wa jiji na kutokea upande wa pili jioni, kamera shingoni, nikipiga kila kilichonivutia, kwa sababu niliamini picha za mitaani zinawindwa. Nilirudi na migongo ya watu. Nilirudi na nyuso zilizokunjamana kwa kushtukizwa, majengo mazuri yasiyo na mtu, na watu wa kuvutia waliozungukwa na nyaya, mabango na nusu ya gari. Gharama ilikuwa ya kweli: viatu, nauli, diski zilizojaa faili ambazo sitazifungua tena, na uchovu unaokufanya ulichukie jiji lenyewe. Sisemi kutembea hakuna faida. Kulinichorea ramani kichwani, nikajua matao yako wapi, mtaa gani una upepo, ngazi zipi watu hupenda kukaa. Tembea kwa ajili hiyo, ujue pa kurudi. Picha zenyewe nimezipata nikiwa nimesimama.

Kilichonisumbua mapema kuliko vyote ni majengo kulala. Ukiinua kamera juu ili kilele kiingie, mistari ya wima inakimbiliana na jengo linaonekana linaanguka kinyumenyume. Macho yako hayaoni hivyo ukiwa pale mtaani, kwa hiyo unagundua ukifika nyumbani. Sababu ni kwamba kamera haikukaa sambamba na ukuta. Dawa ya bure ni kuielekeza kamera mbele bila kuiinamisha juu wala chini, urudi nyuma mpaka kilele kiingie, kisha uukubali mtaa mwingi utakaojaa sehemu ya chini ya fremu, maana humo ndimo watu watapita. Dawa ya pili ni kupanda: ukiwa kwenye ngazi, daraja la waenda kwa miguu au ghorofa ya tatu ya jengo la ng'ambo, jengo linanyooka lenyewe. Kuna lenzi maalumu ambazo kioo chake kinateleza juu bila kuinamisha kamera. Ni nzuri sana na ni ghali sana, na sikuona sababu ya kuinunua kabla ya kuijua kazi. Programu za kompyuta nazo hunyoosha mistari, ila zinakata kingo za picha na kuwavuta watu wawe warefu kupita kiasi, hivyo ukijua utanyoosha baadaye, acha nafasi pembeni tangu unapopiga.

Lenzi pana ina tatizo lake kwa watu. Milimita 24 inabeba jengo zima, lakini uso ukikaa karibu na ukingo wa fremu unavutika kama umeshikwa na vidole. Nimetulia kwenye milimita 35, ambayo si pana sana, kwa sehemu kubwa ya kazi yangu. Jengo haliingii lote, na kwa kweli si lazima liingie. Mlango, nguzo tatu na kivuli cha roshani vinatosha kumwambia mtazamaji jengo ni la aina gani, na mtu aliyesimama mlangoni anamwambia ukubwa wake. Hili ndilo lililonifanya niendelee na mradi wa vitu viwili pamoja badala ya kuvitenganisha. Ukuta usio na mtu hauna kipimo. Ukimweka mtu chini yake, hata akiwa mdogo kama kucha kwenye fremu, mtazamaji anajua mara moja mwanadamu anajisikiaje kupita hapo.

Halafu kuna mwanga, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sikusoma popote jinsi unavyofanya kazi kati ya majengo marefu. Nilijifunza kwa kusimama. Mtaani mwembamba jua halikai. Linasogea nyuzi 15 kwa saa, na mtaa uliobanwa na ghorofa pande mbili unaweza kupata jua la moja kwa moja kwa muda mfupi tu, kisha kivuli kinarudi mpaka kesho. Ukilikosa, umelikosa. Lakini majengo ya vioo yana zawadi nyingine: yanalitupa jua upande wa pili. Mtaa ulioko kivulini unaweza kupata madoa ya mwanga yaliyotoka kwenye kioo cha ghorofa ya 15 upande wa pili, mwanga mlaini unaomwangazia mtu uso wakati ukuta nyuma yake uko gizani. Madoa hayo nayo yanatembea, na yanatembea upande usioutarajia. Nina daftari ambalo nimeandika kona fulani inaangaziwa saa ngapi na kwa mwezi gani, na daftari hilo lina thamani kwangu kuliko lenzi yoyote.

Mwelekeo wa mtaa ni jambo la kuangalia kwenye ramani kabla ya kutoka nyumbani. Mitaa ya Manhattan, jijini New York, imepinda takribani nyuzi 29 kutoka kaskazini halisi, ndiyo maana jua la machweo hukaa sawasawa katikati ya mitaa ile katika vipindi viwili tu vya mwaka, mwishoni mwa Mei na katikati ya Julai. Mtaa unaokwenda mashariki-magharibi sawasawa hupata hali hiyo karibu na Machi 21 na Septemba 23. Ukiwa karibu na ikweta, jua hupanda karibu wima na mwanga mlaini wa asubuhi hauchelewi kuisha. Anza mapema, na saa za mchana zitumie ndani ya matao na varanda ambako mwanga unaingia kwa kudunda sakafuni.

Mabadiliko yangu yaliletwa na mvua. Ilinikuta karibu na jengo la zamani lenye matao, nikajibanza chini yake pamoja na watu wengine, na kwa kuwa sikuwa na pa kwenda nikabaki kutazama. Watu waliingia wakikimbia, wakajipangusa, wakatulia. Kila mmoja alichagua nguzo yake. Waliokuwa na haraka walisimama ukingoni wakipima anga, wenye muda waliegemea ukuta kwa ndani. Mvua ilipokatika waliondoka mmoja mmoja, wakipita sehemu ileile yenye mwanga, juu ya sakafu iliyolowa iliyokuwa inaonyesha tao kichwa chini. Sikuhitaji kumfuata mtu yeyote. Fremu ilikuwa tayari. Kilichobaki ni nani apite na apite vipi. Tangu siku hiyo nachagua mahali kwanza, napanga mistari ya jengo na ukubwa wa kivuli, kisha nasubiri.

Wakubwa wa kazi hii walilijua hilo mapema. Henri Cartier-Bresson mwaka 1932, katika mji wa Hyères kusini mwa Ufaransa, alipiga picha ya ngazi zilizojikunja kuelekea mtaani, na chini kabisa mwendesha baiskeli anapita. Ukimfunika kwa kidole, unaona mahali palikuwa pamekamilika bila yeye. Na kuna picha ya Louis Daguerre ya mtaa wa Boulevard du Temple, Paris, mwaka 1838. Ulikuwa mtaa wenye magari ya farasi na wapita njia, lakini kamera ya wakati ule ilihitaji dakika kadhaa kupata picha, hivyo kila aliyekuwa anatembea alifutika. Akabaki mtu mmoja aliyesimama anang'arishwa viatu. Kwa ninavyojua, huyo ndiye binadamu wa kwanza kuonekana wazi kwenye picha ya mtaa.

Kutoka hapo unaweza kuamua mwenyewe ni kiasi gani cha mwendo unataka kibaki. Kwa mtu anayetembea, kuifungua kamera kwa 1/250 ya sekunde kunamgandisha vizuri. Ukivuka barabara na watu wanaokimbilia basi, panda hadi 1/500. Ukishuka hadi 1/15, kamera ikiwa imeegemezwa nguzoni, jengo linabaki kali na umati unapata ukungu wa mwendo. Picha ya aina hiyo inapendeza mara chache. Ikizidi inachosha, na inawanyima watu nyuso zao, kwa hiyo mimi naitumia pale tu ambapo msongamano wenyewe ndio habari.

Sasa walinzi. Hakuna sehemu ya kazi hii iliyonitia hofu zaidi. Nilipoanza kusimama mahali pamoja kwa muda mrefu, walinzi wa majengo walinijia haraka kuliko nilipokuwa napita. Mmoja, mzee mwenye sauti ya chini, alikuja mpaka akasimama mbele ya lenzi.

"Unapiga nini hapa?"

"Shikamoo, mzee. Napiga hili jengo na watu wanaopita."

"Marahaba. Kibali kiko wapi?"

Moyo ulinidunda. Nilikuwa na hoja zangu za haki ya mpita njia, lakini nilizimeza, nikaiteremsha kamera na kumwonyesha picha nilizopiga. Kisha nikamwambia, "Mzee, wewe ndiye unayejua mipaka ya hapa. Nisimame wapi nisikuletee matatizo?" Akatazama chini, akanionyesha vigae. "Vigae hivi ni vya jengo. Ukivuka ule mstari, pale kwenye zege, ni barabara ya watu wote. Pale sina neno." Tangu hapo naangalia ardhi kila ninapofika mahali papya. Viwanja vingi vya mbele ya majengo makubwa vinaonekana vya umma kumbe ni mali ya mwenye jengo, na mara nyingi sakafu inabadilika mpakani.

Mlinzi hana ugomvi na picha yako. Anaogopa kuulizwa na mkubwa wake kwa nini mtu alisimama pale saa nzima bila kuhojiwa. Ukimsalimia kabla ya kutoa kamera mkobani, umempa jibu la kumpa mkubwa wake. Ukimkuta mkali, muulize jina la ofisi inayotoa ruhusa, shukuru, ondoka, uandike barua. Stendi ya miguu mitatu inawaita walinzi hata pale ambapo kamera ya mkononi isingemsumbua mtu, na katika miji mingi ndiyo inayokufanya uhitaji kibali. Iache nyumbani mpaka uwe nacho. Balozi, vituo vya polisi, kambi, na majengo mengine ya usalama usiyaelekezee kamera bila ruhusa ya maandishi, hata kama usanifu wake unakuvuta. Nimemwona mwenzangu akizuiliwa mchana kutwa kwa picha ya lango ambayo hata haikuwa nzuri.

Kwa watu, nimejiwekea utaratibu ambao nautetea. Mtu akiwa mdogo ndani ya jengo, umbo na kivuli, simsumbui. Uso wake ukiwa ndio unaobeba picha, namwendea baada ya kupiga, namsalimia, namwonyesha. Kuomba kabla kunaua kile ulichokiona. Kutosema kabisa kunakufanya mwizi wa kitu ambacho mwenyewe anakihitaji. Wengi wanacheka, wengine wanaomba watumiwe. Wachache wanakataa, na hapo sina mjadala. Mama mmoja alikuwa amekaa kwenye ngazi za jengo la mawe, mwanga wa kioo umemwangukia begani, na nyuma yake mlango mkubwa wa shaba. Ni kati ya picha bora nilizowahi kupiga. Nilipomwonyesha aliitazama kwa muda.

"Mwanangu, ni nzuri. Lakini ifute. Nimetoka kumzika mdogo wangu."

Niliifuta mbele ya macho yake, nikampa pole, nikakaa naye mpaka aliyekuwa anamsubiri alipofika. Sijajuta. Tangu hapo watu waliolala nje, walevi, na walio katika aibu ya wazi siwapigi kabisa, hata wakiwa wamekaa chini ya tao zuri kuliko yote. Wao hawana mlango wa kuufunga. Watoto nawapiga tu mzazi akikubali, na mzazi akiwa hayupo, kamera inashuka.

Kusimama kona moja kunasaidia hapa pia kuliko mbinu yoyote ya kujificha. Siku ya kwanza watu wanakutazama. Ukirudi na kurudi tena, mng'arisha viatu, muuza magazeti na wafanyakazi wa ofisini wanakuzoea, na wapita njia wakiona wenyeji hawashtuki, nao hawashtuki. Nimewahi kujaribu njia ya Vivian Maier, yaya wa Chicago aliyepiga picha zaidi ya 100,000 ambazo umma ulianza kuziona baada ya mwaka 2007. Alitumia sana kamera ya Rolleiflex, ambayo unaishika kifuani na kutazama kwa juu, hivyo uso wako haujifichi nyuma ya mashine. Kamera za leo zenye skrini ya kukunjuka zinafanya hivyohivyo. Faida niliyoipenda ni ya usanifu: lenzi ikiwa chini ya usawa wa macho, mtu anapanda juu kwenye fremu na kichwa chake kinasimama dhidi ya jengo badala ya kuzama kwenye umati.

Sheria zinatofautiana kuliko watu wanavyodhani, na kosa la kawaida ni kuchukua ulichosoma kuhusu nchi moja ukakipeleka nyingine. New York, mahakama mwaka 2006 ilimpa ushindi mpiga picha Philip-Lorca diCorcia dhidi ya mtu aliyepigwa picha mtaani bila kujua, kwa hoja kwamba picha ile ni sanaa. Ujerumani, sheria ya mwaka 1907 inataka ridhaa ya mtu kabla ya kuchapisha picha yake, lakini inatoa nafuu kama mtu huyo ni sehemu ndogo tu ya mandhari. Majengo nayo yana haki zake: mnara wa Eiffel mchana unaupiga na kuuza picha yake, ila taa zake za usiku zinalindwa kama kazi ya ubunifu. Jua sheria ya nchi uliyopo, na utofautishe kupiga, kuonyesha, na kuuza kwa ajili ya tangazo. Kwa tangazo, tafuta saini ya mtu kila mara.

Picha za usiku nilizichelewesha, na sasa nazipenda kupita zote. Mpiga picha Berenice Abbott, alipotaka New York iliyowaka taa mwanzoni mwa miaka ya 1930, alingoja siku fupi za mwisho wa mwaka, giza liingie kabla ya wafanyakazi kuzima taa za ofisi na kwenda nyumbani, kisha akaiacha filamu ipokee mwanga kwa dakika 15 akiwa ghorofa ya juu. Alikuwa na dirisha dogo la muda na alilijua. Hata leo saa bora ni ile anga ikiwa bado ya buluu na ofisi zimeshawashwa. Baada ya hapo anga inakuwa nyeusi na majengo yanageuka matundu ya taa. Kupata ruhusa ya ghorofa ya juu kunachukua barua nyingi, na nyingi hazijibiwi. Ukipata, beba kitambaa cheusi cha kuzungushia lenzi kwenye kioo, na uombe taa za chumba zizimwe, la sivyo utapiga uso wako mwenyewe.

Vifaa: kamera moja, lenzi moja au mbili, betri za akiba, mkanda uliovaliwa msalaba kifuani, mkoba usiotangaza kilichomo. Usiku nenda na mwenzako anayetazama nyuma yako wakati wewe unatazama mbele. Hamisha picha siku hiyohiyo, nakala mbili, moja isikae nyumba moja na nyingine.

Na uandike. Mwanzoni sikuona umuhimu, mpaka jengo moja nililolipiga likazungushiwa mabati na kubomolewa. Kwa kila picha ninayoibakiza naandika tarehe, saa, jina la mtaa, jina la jengo, niliposimama na nilipoelekea. Jina la mtu naandika pale tu aliponiruhusu. Waliotaka nakala nawapelekea ya karatasi, na yule mzee wa vigae ana yake. Ndani yake yuko pembeni, mikono nyuma, anatazama mlango.